Bizimu Halikukaa

Mwanangu Saumu,

Baba yako anakusalimu kutoka chumba cha pili. Nakusikia unavyogeuka kitandani, najua hujalala, na ningeweza kukuita ukaja ukakaa hapa mkekani tukazungumza. Badala yake nakuandikia, kana kwamba umeshafika bara. Utacheka, na una haki ya kucheka. Barua hii nitaitia kikapuni, chini ya mkate wa kumimina aliokupikia mama yako, usiione mpaka gari la moshi liwe limeshapita Mazeras. Nimefanya hivyo kusudi. Nikikupa mkononi utaisoma mbele yangu, nami nitatia mzaha mmoja, wewe utacheka, na mimi nitakuwa nimeponyoka tena.

Mambo ya baridi ya bara, ya mafuta ya nazi, ya kutozoeana na kila anayekaa karibu nawe garini, hayo mama yako ameshayasema na kesho atayarudia mpaka stesheni. Mimi simo. Kwanza sijapata kufika mbali kuliko Voi, nitakufundisha nini juu ya bara? Ninalotaka ni kukueleza kwa nini leo alasiri nilikukaripia juu ya sanduku.

Ulikuwepo, uliona. Kufuli la sanduku lako limekufa, na mimi kwa kujigamba kwangu nikasema kufuli la nini, nitalifunga kama tunavyofunga pamba. Nikaleta ukanda wa chuma na bizimu kutoka kazini, nikaupitisha ukanda chini ya sanduku, nikaukutanisha juu, nikatia bizimu, nikasimama kando nimejaa furaha kama bwana harusi. Ukalinyanyua sanduku upande mmoja. Ukanda ukalegea, bizimu likaanguka sakafuni. Nikalitia tena, likaanguka tena. Hapo ukacheka, ukasema, "Baba nawe! Si ndiwe fundi wa mabizimu? Kumbe maneno matupu!" Nami nikakujibu kwa ukali ambao hujauzoea kwangu: "Nyamaza! Hebu katazame mama yako ataka nini." Uliniangalia kidogo, ukaondoka. Mwishowe sanduku nimelifunga kwa kamba ya usumba kama watu wengine wote.

Sikukasirikia kicheko chako. Nilikuwa nimesikia neno la mjomba wako.

Mjomba wako Bakari alikuwa amekaa pale kizingitini. Alikuwa ndiyo kwanza amefika kutoka Likoni kuja kukusindikiza, na mkono wake wa kulia alikuwa ameutia mfukoni mwa kanzu kama ilivyo kawaida yake. Bizimu lilipoanguka mara ya kwanza, kabla wewe hujacheka, alisema taratibu tu, "Halijakaa hilo, mlamu." Wewe pengine hukusikia, au ulisikia ukaona ni neno la kawaida la mtu kumwambia shemeji yake. Tangu siku alipoumia mkono, mjomba wako hajapata kulitaja bizimu mbele yangu. Leo amelitaja, tena kwa neno lile lile.

Ngoja nikueleze kazi yetu, maana umekula na kuvaa kwa kazi hiyo na hujapata kuiona.

Pamba ya Uganda hushuka kwa reli, imeshindiliwa na kufungwa marobota. Robota likipasuka njiani haliwezi kupakiwa melini vile vile. Huletwa ghalani kwetu hapa Changamwe, tukalitia tena kwenye mashine ya kushindilia. Mashine hulibana mpaka likawa dogo la kukustaajabisha, kisha hunyamaza, na hapo watu wawili huingia kazini. Mmoja yuko upande huu, mwenzake upande wa pili, robota liko katikati, hawaonani. Wa kule hupitisha mikanda ya chuma chini ya robota, wa huku huipokea na kuufunga kila ukanda kwa bizimu. Bizimu lenyewe ni kipande cha chuma tu, kina uwazi katikati na mwanya ubavuni. Ncha ya ukanda imekunjwa kitanzi. Unakitelezesha kitanzi kwenye mwanya mpaka kiingie ndani ya uwazi, basi. Hakuna msumari, hakuna skurubu. Mashine ikiachia, pamba hutaka kurudi ilivyokuwa, husukuma kwa nguvu zake zote, na kusukuma huko ndiko kunakolikaza bizimu. Ndiyo maana halikushika kwenye sanduku lako. Sanduku halisukumi. Nililijua hilo kabla sijaanza, ila nilitaka unione fundi siku ya mwisho.

Kitanzi kikiingia sawasawa, bizimu hulia, mlio mdogo tu wa chuma kugonga chuma. Mwenye bizimu akishausikia hupaza sauti, "Limekaa!" Na yule wa upande wa pili, asiyeona kitu, kwa neno hilo tu hupeleka mkono wake kwenye komeo la mashine, karibu kabisa na mikanda, akalifungua. Hawezi kuchungulia. Alicho nacho ni sauti ya mwenzake.

Mimi ndimi niliyekuwa nafunga, na mwenzangu wa upande wa pili alikuwa mjomba wako.

Nilimwingiza mimi kazini. Mama yako aliniomba, na siku Bakari alipovuka kutoka Likoni na kifurushi chake cha nguo, mama yako aliniambia hapa hapa mlangoni, "Nakukabidhi ndugu yangu. Sina mwingine." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitamtunza kama yai. Nilitia mzaha hata hapo, nikasema yai lenyewe kubwa hivi sijui nitalipata wapi jungu lake. Bakari akacheka. Alikuwa mchekaji siku zile, hutaamini.

Tulikuwa tunafurahisha ghala zima. Yeye alikuwa mtu wa taratibu, ametoka shambani, kila ukanda anautazama kabla hajaupitisha. Mimi walikuwa wakiniita Umeme kwa wepesi wa mikono, na jina hilo nilikuwa nalipenda kupita kiasi. Nikimwambia, "Mlamu, harakisha, pamba itaota majani!" yeye hujibu kutoka nyuma ya robota, "Nawe mlamu, polepole, utafunga na kidole chako!" Vibarua walikuwa wanaacha kazi kutusikiliza.

Siku yenyewe, wale wa mashine ya pili walikuwa wametupita, wakaanza kutuimbia kwa dhihaka. Hilo tu. Hapakuwa na haraka ya meli wala amri ya nyapara. Watu walituimbia, na mimi Umeme nikaona siwezi kuimbiwa. Nikafika ukanda wa mwisho. Bizimu lililokuja mkononi lilikuwa kuukuu, limepinda likanyooshwa kwa nyundo, na kitanzi kilipofika kwenye mwanya kikakwama mdomoni. Ukitazama kwa mbali ungesema kimeingia. Lakini bizimu halikulia. Niliusubiri ule mlio, haukuja. Mabizimu mapya yalikuwa ndani ya debe karibu na mguu wangu, ningeinama tu nikachukua jingine.

Nikapaza sauti, "Limekaa!"

Mwanangu, hapa nakuomba usome bila haraka. Watu wakija kukwambia kwamba baba yako alikosea, usikubali. Anayekosea hajui. Mimi nilijua, na nikasema limekaa.

Mashine ikaachia, robota likavimba, ukanda ukachomoka kwenye bizimu ukarudi chini kwa kasi na kutokea upande wa pili. Nilimsikia mlamu akisema "Ah!" kama mtu aliyekanyaga mwiba, basi. Nilipozunguka nilimkuta ameketi juu ya pamba, ameukumbatia mkono, na pamba yote chini yake imebadilika rangi. Vidole viwili vilikuwa vimekwenda, na kile cha tatu hakijakunjika mpaka leo.

Nyapara akaja mbio, akauliza imekuwaje. Na mimi, Saumu, kabla mtu mwingine hajafungua kinywa, nikasema, "Alitia mkono mapema. Sijasema limekaa." Wanaume walikuwa wanamfunga mkono kwa kikoi. Aliinua uso akanitazama. Kisha akauinamia tena mkono wake. Nililisukuma lile bizimu kwa mguu likaingia chini ya mbao, na kwa miaka mingi nikawa najiambia kwamba kwa maumivu yale hakunisikia nilichosema.

Wakamrudisha kwao Likoni kwa jina la uzembe. Mimi nikabaki kazini.

Sasa sikiliza nilichofanya baadaye, maana hicho ndicho kibaya zaidi, na ndicho ambacho hakuna mtu angenishitaki kwacho.

Mara ya kwanza tulipovuka na mama yako kwenda kumtazama, nyumba ilikuwa imejaa jamaa. Nilikuwa naogopa kupita kiasi. Nilijua lazima mzee mmoja ataniuliza, wewe ulikuwepo, hebu tueleze ilikuwaje. Kwa hiyo kabla ya kuketi, nikiwa bado mlangoni, nikasema kwa sauti kubwa, "Mlamu, nimekuja kukupa mkono, kumbe wewe wako umeshaugawa!" Watu walishtuka. Kisha wakakumbuka kwamba mlamu na mlamu wana utani wao, mmoja akacheka, wa pili akacheka, nyumba nzima ikacheka. Unajua desturi yetu. Mtani akikusema huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika wewe ndiye unayeonekana huna adabu. Bakari, mkono umefungwa vitambaa mpaka kwenye kiwiko, ilimbidi acheke na yeye. Akacheka. Na hakuna aliyeniuliza kitu.

Nikaona kumbe kuna mahali pa kujificha, tena desturi yenyewe inanilindia mlango. Basi kila nilipoogopa nilitia utani mwingine. Bakari mzembe, Bakari wa polepole aliyeharakisha siku moja tu, siku isiyotakiwa. Maneno yakazoeleka, mpaka watoto wa Likoni wakawa wanayajua. Mama yako aliniuliza siku moja, "Mume wangu, mbona wamchimba ndugu yangu hivyo?" Nikamwambia huo ni utani wetu wanaume, usiuingilie. Akaenda zake jikoni. Yeye hajui mpaka sasa ninapoandika.

Sasa Idd. Sijui kama unaikumbuka. Ulikuwa bado mdogo wa kuruhusiwa kukaa na wanaume kwenye sinia, meno ya mbele huna, umevaa gauni la manjano alilokununulia mjomba huyo huyo. Ilikuwa hapa hapa nyumbani. Pilau imeletwa, tumeizunguka, nawe umejipenyeza ubavuni kwa mjomba kwa sababu ulikuwa unampenda. Yeye alikuwa anakula kwa kidole gumba na kile kimoja kilichobaki kizima. Kula kwa mkono wa kushoto hakutaka kabisa. Kila tonge akilipandisha, wali ulikuwa unamwagika mkekani. Ukasema kwa sauti yako ile ya kengele, "Mimi sili na mjomba, anamwaga!"

Watu wakanigeukia. Walikuwa wananingoja mimi, baba yako, niseme neno moja tu, "Saumu, adabu!" Neno jepesi, kila mzazi analisema mara ngapi kwa siku. Mimi nikacheka. Nilicheka kuliko wote, nikaongeza, "Mwacheni mtoto, naye amekwisha jua kwamba mkono wa mjomba wake unavuja!" Wakacheka wote. Bakari akanawa mkono, akasema, "Alhamdulillahi, nimeshiba." Hakuwa amekula tonge la maana.

Tangu siku hiyo hajakaa kwenye sinia ndani ya nyumba hii. Wewe umekua ukimwona, anakuja, anasalimu, chakula kikiletwa anasema amekwisha kula kwake. Mama yako humpelekea sahani uani, karibu na jiko, naye hula peke yake ameupa mgongo mlango. Uliwahi kuniuliza kwa nini mjomba anakula kama mtu anayejificha. Nilikujibu kwamba ana maringo. Hilo nalo niliweza kulisema.

Usijilaumu kwa neno ulilosema. Ulikuwa mtoto, ulisema ulichokiona. Kicheko kilikuwa changu, na ndicho kilichomtoa mjomba wako kwenye sinia.

Na kama hayo hayatoshi, ujue pia ni nani aliyekufungulia njia hii unayokwenda kesho. Habari za chuo cha ualimu zilipokuja, nilikataa. Nilisema binti yangu haendi kulala bara kati ya watu wasiojulikana. Mama yako alilia, wewe ulinuna, mimi nikashikilia. Mjomba wako akavuka feri, akaja akakaa pale pale kizingitini, akaniambia, "Mlamu, mtoto huyu ana kichwa. Mwache aende." Nikaanza kumtania, nikamwambia hata yeye alitoka kwao kwenda kutafuta maisha, tazama alichorudi nacho. Kwa mara ya kwanza hakucheka. Akasema, "Leo sikuja kwa utani." Nilishindwa kumtazama usoni. Siku ya pili nikasema haya, Saumu aende. Mkadhani nimefikiri. Sikufikiri kitu, niliona haya tu mbele ya mtu yule.

Mwaka huu, kama ujuavyo, watu wote wanazungumza Uhuru, na kazini wameanza kuwapandisha wenyeji. Mimi wamenipa unyapara. Mlinipikia halua siku ile, mkafurahi. Basi ujue vijana wa ghalani wananiita mkali. Mtu akiita "Limekaa" namsimamisha, nakwenda mwenyewe kulitikisa bizimu, namuuliza, ulilisikia likilia? Ulilisikia kwa masikio yako? Wanadhani nawajali sana. Nawajali, lakini zaidi ni hofu. Kila neno hilo likiitwa, natazama kwanza mkono wa aliye kwenye komeo, mara nyingi kwa siku, na sijapata kuzoea.

Sikuandikii ili nikufundishe kuwa mtu mwema, sina uso wa kukufundisha hilo. Kuna jambo moja tu ninalolijua vizuri kuliko watu wengi. Wewe una mdomo wangu. Nimekusikia na wenzako, neno moja tu nao wote hoi kwa kicheko, na kila mara nilikuwa nakaa pembeni nimejaa fahari. Leo naogopa. Utapewa darasa, na katika darasa atakuwapo mmoja mwenye kigugumizi, au mwenye makengeza, au anayekuja na nguo za kuchekesha. Utaweza kuwafanya wengine wote wakupende kwa kumcheka yeye. Ni tamu, wallahi, siwezi kukudanganya. Sijaonja kitu kitamu kama watu kucheka kwa neno langu. Na yeye naye atacheka, usidhani atalia. Bakari alicheka miaka yote.

Nimeazimia kumwambia asubuhi. Nimeshaazimia hivyo zamani, si mara moja wala mbili, na kila mara palitokea sababu. Sasa hivi amelala hapo sebuleni, namsikia akikoroma, ni hatua chache tu kutoka hapa. Nami niko hapa nakuandikia wewe, badala ya kwenda kumwamsha. Ndiye baba yako huyo.

*

Saumu, naongeza haya baada ya adhuhuri. Uko uani unasukwa nywele, unalalamika kwamba mama yako anavuta mno. Leo vumilia, utajua sababu.

Nimemwambia. Tulipotoka msikitini baada ya alfajiri, tukawa tunarudi kwa miguu kando ya barabara, malori yanapasha moto injini kwa safari ya Nairobi. Nikasema, "Mlamu, siku ile bizimu halikukaa. Na nilijua."

Hakusimama. Akasema huku tukienda, "Sikulisikia likilia. Nikajiuliza, mbona halikulia? Kisha nikakusikia wasema limekaa, nikakuamini wewe kuliko masikio yangu."

"Ulinisikia pia nilipomwambia nyapara?"

"Nilikusikia."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema wangekufukuza nawe pia, na dada yangu angekula nini? Saumu alikuwa mdogo."

Nililia, mwanangu. Pale barabarani, mtu mzima, na utingo wa lori ananitazama. Nikamwomba msamaha. Mlamu akasimama, akautoa mkono mfukoni, akautazama kama mtu anayetazama kitu cha mwenziwe. Akasema, "Habari ya kile chuma nilikusamehe siku nyingi. Mkono ni kudra ya Mungu. Lakini ule utani, mlamu, ule sijaweza. Najaribu, wallahi, siwezi." Akaurudisha mfukoni, tukaendelea na njia.

Tulipofika nyumbani nikamwita mama yako chumbani nikamwambia na yeye. Hajanisemesha mpaka sasa. Macho yake mekundu uliyoyaona si ya safari yako peke yake.

Na mchana uliona jambo ukaniuliza, sikukujibu. Sinia limeletwa, wageni wamekaa, mjomba wako akasema amekwisha kula, akaenda zake uani. Mimi nikainuka. Ukasema, "Baba, wenda wapi? Na wageni hawa?" Nilikwenda kukaa naye chini, karibu na jiko. Alikuwa na sahani yake mbele yake. Sikuomba ruhusa, nikanyoosha mkono nikachota humo humo. Hakunikaribisha na hakunifukuza. Aliisogeza sahani kidogo. Labda niifikie vizuri, labda tusigusane magoti, sikuweza kujua. Tukala mpaka ikaisha. Wali ulimwagika, wake na wangu. Ulimi uliniwasha, nakwambia kweli, mzaha ulikuwa umeshanifika mdomoni. Nikaumeza pamoja na tonge.

Sikuombi unionee huruma, wala usiuchukue mzigo huu ukaenda nao darasani. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie mpaka uchoke. Nimekupa mwendo mrefu wa kufanyia hivyo. Ninakuomba jambo moja tu.

Likizo yako ya kwanza, usije Changamwe moja kwa moja. Ukishuka garini vuka feri, nenda Likoni kwa mjomba wako. Mwamkie, na akikupa mkono wa kushoto usiupokee. Mwombe ule wa mfukoni, uubusu kama unavyobusu wangu. Kaa kitako mpaka chakula kiletwe, hata kama kitachelewa. Kisha kaa ubavuni kwake, upande ule ule uliokaa siku ya Idd, mle sinia moja.

Wali ukimwagika, uuokote, uule.

Baba yako